Lawama Hazilipi Gereji

Magari mawili yanapogongana kwenye mzunguko wa barabara jijini Nairobi, kila dereva hushuka na maelezo yake. Huyu anasema alikuwa ameshaingia, yule anasema amekatiwa njia, na wapita njia nao wanagawanyika. Ubishi huo unaweza kuendelea hadi jioni bila kumlipa fundi hata shilingi moja. Sheria ya Kenya huuliza maswali mawili tu: nani alizembea, na hasara ni kiasi gani? Majibu yote mawili hutegemea ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo hupotea magari yakishasogezwa.

Wengi hukata tamaa mapema kwa kudhani kwamba kosa likibishaniwa, dai limekufa. Hawajui kuwa kosa hugawika. Tangu zamani mahakama za Kenya zina uwezo wa kugawa lawama kwa asilimia. Kama ukarabati umegharimu shilingi 200,000 na ikaonekana mlalamishi alichangia ajali kwa asilimia 30, atalipwa 140,000. Kwa hiyo dereva aliyekuwa akienda kasi kidogo asijihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa, na mwenye haki tele asitarajie kwamba mwenzake atabebeshwa mzigo wote.

Hapo hutokea pingamizi: si abstrakti ya polisi itamaliza ubishi? Hati hiyo ni muhimu, kwani huonyesha kwamba ajali iliripotiwa, lini, wapi, na kati ya magari gani. Lakini mara nyingi huandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, na hata ikimtaja mkosaji, mahakama huweza kupima upya. Dereva akishtakiwa na kupatikana na hatia ya trafiki, hukumu hiyo ina uzito mkubwa. Kesi nyingi za magari kukwaruzana hazifiki huko. Kinachobaki ni picha zilizopigwa kabla magari hayajaondolewa, zikionyesha alama za breki, vioo vilivyomwagika na mahali kila gari lilipogongwa. Majina na simu za mashahidi. Na video ya kamera ya gari au ya duka jirani, ambayo iombwe haraka kabla haijafutwa.

Ushahidi wa kosa ukipatikana, bado kuna kizingiti kinachowaangusha wengi, nacho ni hesabu. Mahakama haikadirii gharama za gari kwa huruma: kila kiasi kitajwe waziwazi katika madai na kithibitishwe. Ripoti ya mkadiriaji wa hasara ifanywe kabla gereji haijagusa gari, kwa sababu ubavu wa gari ukishanyooshwa hakuna atakayeamini ulivyokuwa. Risiti za vipuri, za kuvuta gari na za mkadiriaji mwenyewe zihifadhiwe. Mwenye matatu au teksi anayedai mapato aliyopoteza gari likiwa gereji aje na rekodi za mapato. Kusema kwa mdomo kwamba gari huingiza elfu kadhaa kwa siku hakutoshi. Gari lisilotengenezeka hudaiwa thamani yake ya kabla ya ajali, ikiondolewa thamani ya mabaki.

Wengine watasema kazi hii ni ya kampuni ya bima. Ni kweli kwa mwenye bima kamili: kampuni humlipa, kisha humfuata mkosaji kwa jina la mteja wake, naye mteja hubaki kudai ile sehemu ya kwanza ya hasara aliyojibebea. Asisaini karatasi ya kumsamehe mkosaji kabla ya kuiarifu kampuni yake, asije akaifungia njia hiyo. Lakini bima inayolazimishwa na sheria chini ya Sura ya 405 inahusu vifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali hutegemea mkataba wa bima ambao mkosaji alikata. Ndiyo maana anayeshtakiwa kwa gari lililobondeka ni dereva, pamoja na mwenye gari iwapo dereva alikuwa akimfanyia kazi. Aliyeandikishwa kama mmiliki huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi athibitishe vinginevyo, na jambo hilo husaidia pale dereva asipokuwa na chochote.

Pingamizi la mwisho ni kwamba mahakama hula muda na pesa kuliko gari lenyewe. Lilikuwa na nguvu zaidi kabla ya Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa, mtu huweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Makataa hayo hayatimizwi kila mara, ila hata kesi inayochelewa hapo ni nyepesi kuliko njia ya zamani. Maelewano ya barabarani nayo si mabaya, mradi yaandikwe, yataje kiasi na tarehe ya kulipa, na yasainiwe mbele ya shahidi. Yakivunjwa, dai la uzembe lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Basi piga picha kwanza, andika majina ya mashahidi, tunza kila risiti. Ubishi uachie mahakama.