Mamba anajua saa yako ya kuchota maji



Kila tunapopita katika vijiji vya kando ya Ruzizi na ya ziwa Tanganyika, swali moja linarudi mikutanoni: tufanye nini juu ya mamba? Wengine wanataka askari aje na bunduki, apige, kazi iendelee. Wengine wanasema hakuna la kufanya, ni mambo ya uchawi. Sisi tunaomba kwanza tumjue huyu mnyama na namna anavyowinda. Ukijua hivyo, utaona kwamba sehemu kubwa ya hatari tunaitengeneza sisi wenyewe, na kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kuiondoa. Inahitaji kijiji kizima.

Watu wa Uvira na wa upande wa Burundi wanamjua Gustave, lile limamba la kwenye mdomo wa Ruzizi lililopewa jina na Mfaransa Patrice Faye. Mwaka 2002 walijaribu kumnasa kwa mtego mkubwa wa chuma, wakashindwa. Habari zake ni tamu kusimulia jioni, lakini zimetuletea hasara moja: tunakaa tukiogopa lile jitu, huku mamba wa mita 3, ambaye hakuna aliyempa jina, anatosha kabisa kumzamisha mtu mzima.

Mamba hakimbizi windo kama mbwa. Anangoja. Mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe, unaazima joto la jua, kwa hiyo anakula kidogo na anaweza kukaa miezi bila kula. Kungoja hakumgharimu kitu. Macho, pua na masikio yake viko juu ya kichwa, ni kusema anaweza kuzama mwili wote akabaki anakuona, anakusikia na kupumua, wakati wewe unaona kama kipande cha mti. Akitaka, anazama kabisa nusu saa na zaidi. Anaona vizuri gizani, ndiyo sababu anapenda kuwinda tangu jua linapozama mpaka asubuhi, ingawa mchana pia haachi nafasi ikipatikana. Tena ana kumbukumbu. Mama akija kila siku kwenye jiwe lile lile, kabla jua halijatoka, akainama kujaza bido, mamba anajifunza jiwe na saa. Siku ya kwanza yuko mbali. Siku ya kumi yuko chini ya jiwe.

Hapa tuseme waziwazi jambo linaloleta msiba juu ya msiba. Mtu akishikwa, hasa akiwa kijana, hazipiti siku mbili bila kusikia: «Ile mamba haiko ya bure, iko ya kutumwa.» Ushahidi? Eti alikuwa pale pale, saa ile ile, na aliwaacha wengine akamchukua huyu. Kisha macho yanamgeukia mzee fulani, mara nyingi bibi mjane anayeishi peke yake. Lakini ushahidi huo wote ni tabia ya mamba tuliyokwisha kueleza. Yuko pale pale kwa sababu na sisi tuko pale pale. Anawaacha walio katika kundi, anamchukua aliyebaki nyuma au aliyeingia maji mpaka kiunoni. Mzee akifukuzwa au akichomewa nyumba, mamba anabaki mtoni, na atashika mwingine. Komite ya koperative ina wazee ndani yake. Iseme neno hili mapema, katika mkutano wa kawaida, kwa maana siku ya msiba hakuna anayesikiliza.

Si sisi peke yetu tunaoishi na wanyama hawa. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, kuna mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wazee waliomaliza kazi, wanaoishi kwa pensheni. Katikati ya nyumba kuna mabwawa, na mabwawani kuna aligeta, ndugu wa mamba mwenye pua pana. Jimbo lote linakadiriwa kuwa na aligeta milioni 1 na laki 3. Hata hivyo, tangu mwaka 1948 hesabu ilipoanza kuwekwa, waliouawa hawajafika 50. Tukubali kwamba aligeta ni mpole kuliko mamba wetu, na kwamba wazee wale wana bomba la maji ndani ya nyumba. Lakini iko sababu nyingine. Kule kumlisha aligeta ni kosa mbele ya sheria. Mnyama aliyezoea kutupiwa mkate au kichwa cha samaki anapoteza woga, na akiona mtu anaona chakula. Wakimpata wa namna hiyo, serikali inatuma mtu wa kumwondoa, na mara nyingi anauawa. Wazee wanaambiwa pia wasitembeze mbwa ukingoni mwa maji, maana mbwa ni windo analolipenda. Bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80 alipoteza maisha miaka michache iliyopita akiwa na mbwa wake kando ya bwawa.

Sasa tujiulize: sisi, tunalisha mamba? Tunamlisha kila siku. Pale mitumbwi inapofika, tunapasua samaki na kutupa matumbo majini, hatua chache kutoka pale watoto wanapooga. Mchinjaji anasafisha ngozi na utumbo wa mbuzi mtoni. Kuku wakifa kwa ugonjwa, mbwa akifa, tunatupa mtoni «maji yapeleke». Maji hayapeleki mbali.

Uchafu huo ni mbolea, na koperative ya wakulima haina haja ya kuutupa. Chimbeni shimo la mita 1 kwenda chini, hatua 100 au zaidi kutoka kwenye maji na mbali na kisima. Wekeni matumbo ya samaki, juu yake majani makavu na majivu, kisha udongo wa kutosha, nusu mita hivi, ili mbwa wasifukue. Baada ya miezi kadhaa wamama wa bustani za lengalenga watagombania lile shimo. Lakini wanyama waliokufa kwa ugonjwa wazikwe peke yao, msiwatie katika mbolea.

Kwa maji ya nyumbani, kilicho bora ni kisima chenye pampu, mbali na ukingo. Hicho kinasaidia pia upande wa kolera, ambayo watu wa Uvira hawahitaji kuelezwa. Mkiwa mnaandika mradi wa kuomba msaada, wekeni kisima mbele ya mashini ya kukoboa mpunga. Tunajua neno hili halitapendeza wote.

Bado hamjapata kisima? Fungeni debe au bido lililokatwa kwenye mti mrefu wa mita 3, mchote mkiwa mmesimama juu ya ukingo, bila mguu kugusa maji. Nendeni wawili au zaidi: mmoja anachota, mwingine anatazama maji, wala haongei na simu. Ngojeni jua litoke vizuri. Badilisheni mahali mara kwa mara pale inapowezekana. Watoto wadogo wasitumwe mtoni peke yao hata kidogo, hata kama mama ana kazi nyingi.

Njia nyingine, inayotumika katika nchi kadhaa za Afrika zenye mito mikubwa, ni kizimba: uzio wa miti migumu iliyochomekwa ndani ya maji kuzunguka mahali pa kuchotea na kufulia. Kazi ya salongo ya siku chache inaweza kukijenga. Miti iingie sana katika matope, ikaribiane kiasi kwamba kiganja tu kinapita, na ipande juu kuliko maji ya masika. Zungusheni upande wa nchi kavu pia na muweke mlango, kwa sababu mamba anatembea, ataingia kwa nyuma. Na hapa ndipo vizimba vingi vinakuwa hatari kuliko kukosa kizimba: mti mmoja unaoza, pengo linafunguka chini ya maji, watu wanaendelea kuingia bila woga. Mchagueni mtu wa kukikagua kila wiki, naye apimepime ndani kwa mti mrefu kabla ya mtu wa kwanza kuingia asubuhi. Maji yakipanda sana, acheni kukitumia. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia mitaani Uvira na Gatumba. Maji yakihama, mamba naye anahama.

Upande wa mashamba, fyekeni kingo za mitaro ya mpunga ili muone maji. Mamba anaingia katika mfereji mkubwa na kulala humo, hasa nyasi zikiwa ndefu. Mbuzi na ng'ombe wanyweshwe katika birika au shimo lililochimbwa pembeni. Mvuvi asisimame majini usiku akivuta wavu, na aliye katika mtumbwi mdogo asiache mkono uning'inie nje. Wakati wa kiangazi mama mamba hutaga mayai mengi, 50 hivi, katika mchanga wa ukingo, na kuyalinda karibu miezi 3. Mkiona kiota au vitoto, msiguse. Rudini nyuma na kumwarifu shefu na watu wa mazingira. Nao ndio wa kuarifiwa pia mamba akianza kuzoea kivuko fulani. Kumpiga wenyewe kwa mikuki kumekwisha kuua wapigaji, na mahali penye chakula mamba mwingine atakuja kupakalia.

Akitoka majini kukufuata, kimbia moja kwa moja kwenda mbali na maji. Usipindepinde, nchi kavu anachoka upesi. Akimshika mtu, yule aliyeshikwa apigane kwa nguvu zote, amchome machoni kwa vidole au kwa chochote alicho nacho. Wenzake wasirukie majini. Wapige kelele, watumie makasia, miti na kamba. Mtu akiokolewa, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, mkioshe kwa maji safi mengi na sabuni, mumpeleke kituo cha afya siku ile ile hata kama ni alama mbili za meno tu. Mdomo wa mamba umejaa vijidudu, na kidonda kinachoonekana kidogo leo kinaweza kuoza baada ya siku tatu. Msipake masizi wala kinyesi cha ng'ombe. Mkifika, mwombeni muuguzi aangalie habari ya sindano ya pepopunda, kwa sababu katika haraka ya kushona kidonda ndiyo inayosahaulika.