Umeme wa Jua Nyumbani: Kuungana au Kujitegemea?

Wakazi wa Unguja hawajalisahau giza la Mei na Juni 2008, wala lile refu zaidi lililoanza Desemba 2009 na kumalizika Machi 2010. Umeme utokao Bara kwa waya wa baharini ulikatika, pampu za maji zikasimama, wenye uwezo wakawasha jenereta na mnyonge akarejea kwenye kibatari. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na waya mpya wa megawati 100 uliletwa Unguja mwaka 2013. Hatua hizo zimetupunguzia hofu. Hata hivyo, taa za Visiwani bado zinategemea nyaya zilizolala chini ya bahari.

Kwa sababu hiyo tunafurahi kuona paneli za jua zikiongezeka juu ya mapaa yetu. Lakini tunaona ni wajibu wetu kuwatahadharisha wananchi kwamba kabla ya kulipa fedha, liko swali la kwanza la kujibiwa: je, mtambo huo utaunganishwa na umeme wa Shirika, au utajitegemea?

Mtambo uliounganishwa hauhitaji betri. Mchana nyumba hutumia jua, usiku hutumia umeme wa Shirika, na gharama yake ya kuanzia huwa nafuu. Lakini mnunuzi hana budi kujua jambo moja: umeme wa Shirika ukikatika, mtambo huo nao huzima, hata jua likiwa la utosi. Huo si ubovu. Inveta yake imeundwa hivyo makusudi, ili umeme wa paa la mtu usirudi kwenye nguzo ukamuua fundi anayetengeneza waya akidhani hauna umeme. Basi anayeununua mtambo huo kwa kukimbia giza atalikuta giza palepale.

Mtambo unaojitegemea hauna habari na nguzo, lakini uhuru huo una bei yake. Tuchukue nyumba ya kawaida yenye taa 5 za wati 10 zinazowaka saa 5, feni ya wati 50 inayozunguka saa 8, na televisheni ya wati 60 inayotazamwa saa 4. Matumizi hayo ni wati-saa 890 kwa siku. Betri ya risasi haifai kutumiwa chini ya nusu ya nguvu yake, kwa hiyo nyumba hiyo yahitaji betri mbili za volti 12 na ampea-saa 100, na hiyo ni akiba ya usiku mmoja tu. Masika mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, akiba huisha. Jokofu na pasi hatujavitaja. Tena betri za namna hiyo hudumu miaka michache, hali paneli hudumu miaka 20 na zaidi.

Sisi tunaona hivi. Katika vitongoji vya mbali, visiwa vidogo na madago ya wavuvi ambako nguzo hazijafika, mtambo unaojitegemea ndio jawabu, na usingojewe. Lakini aliyekwisha kufikiwa na nguzo asikate waya kwa furaha ya paneli. Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Huyo na aunganishe, na akiwa na uwezo aongeze inveta ya mseto pamoja na betri ndogo. Inveta hiyo hujitenga na nguzo umeme unapokatika, ikaendelea kuwasha taa, feni na simu. Zahanati na skuli zifikiriwe kwanza katika mpango huo.

Kwa wakuu wa Serikali tuna maombi matatu. Kwanza, Shirika la Umeme na ZURA wautangazie umma, kwa Kiswahili chepesi, masharti ya kuunganisha mtambo wa nyumbani na malipo ya umeme wa ziada unaorudishwa. Pasipo malipo hayo, paneli zinazozidi mahitaji ya mchana ni fedha iliyotupwa. Pili, bidhaa zikaguliwe bandarini na mafundi wafunzwe. Hewa yetu ina chumvi, na parafujo ya chuma cha kawaida huliwa na kutu mapema, paneli ikabaki ikining'inia juu ya vichwa vya watu. Tatu, betri chakavu zitengewe mahali pa kukusanywa, kwani risasi na asidi ni sumu, na maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi hii hii.

Jua ni letu sote na halina ankara. Mitambo ya kulivuna ndiyo yenye bei, na mwananchi wa kipato kidogo hana fedha ya kukosea mara mbili. Aelezwe mapema, naye achague akiwa anajua anachokichagua.