Kusoma, Kuigiza na Kuandika: Fasihi ya Kiingereza katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Anayejiunga na chuo kikuu kusoma fasihi ya Kiingereza hukutana na kazi tatu ambazo hutajwa kwa pamoja lakini mara nyingi hufundishwa kila moja peke yake: uhakiki, yaani kuichambua kazi ya fasihi na kuitolea hukumu yenye ushahidi, sanaa za maonyesho, yaani kuifikisha tamthilia jukwaani mbele ya watazamaji, na uandishi wa kubuni, yaani kutunga hadithi, mashairi au michezo ya kuigiza. Historia ya vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam inaonyesha kwamba kazi hizo zilizaa matunda makubwa zaidi pale mwanafunzi yule yule alipozifanya zote kwa wakati mmoja, na kwamba kuzitenganisha kunaidhoofisha kila moja, hata uhakiki ambao ndio unaopewa saa nyingi za mihadhara.

Mwaka 1949 Makerere ilikuwa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na University of London, na kwa miaka iliyofuata wanafunzi wake walihitimu kwa shahada za London. Mtaala wa fasihi ulifuata historia ya Uingereza, kuanzia Chaucer, kupitia Shakespeare, hadi waandishi wa karne ya 20, na njia iliyotawala ilikuwa usomaji wa kina. Hii ni njia ya kulichunguza andiko lenyewe neno kwa neno, kwa kutazama taswira zake, mapigo yake na mgongano wa maana ndani yake, kabla ya kuuliza lolote kuhusu maisha ya mtunzi. I. A. Richards wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1929, alieleza jinsi alivyowapa wanafunzi mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, na jinsi wengi wao walivyoshindwa kuyaelewa walipokosa sifa ya jina la kuegemea. Nidhamu hiyo ina thamani isiyopingika, kwa kuwa humfundisha msomaji kutotamka jambo asiloweza kulionyesha katika maandishi. Upungufu wake ni kwamba humzoesha pia kuliona andiko kama kitu kilichokamilika, kisichomhitaji mtu wa kukisema wala wa kukisikiliza.

Upungufu huo uliponywa nje ya chumba cha mhadhara. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianza kutoa jarida la Penpoint, lililochapisha hadithi na mashairi ya wanafunzi, na ndimo ilimotoka mwaka 1960 hadithi ya kijana aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Mabweni nayo yalishindana kwa michezo ya kuigiza, hivyo mwanafunzi aliyekuwa akiandika insha juu ya tamthilia za karne ya 17 alijikuta jioni akitafuta maleba, akikariri maneno na kugundua kwamba mazungumzo aliyoyatunga mwenyewe hayatamkiki. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, na Ngũgĩ, akiwa bado mwanafunzi, alipata nafasi ya kumwonyesha Chinua Achebe muswada wa riwaya iliyochapishwa mwaka 1964. Novemba 1962, wiki chache baada ya Uganda kupata uhuru, tamthilia ya Ngũgĩ iitwayo The Black Hermit ilioneshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho mjini Kampala. Ni vigumu kuamini kwamba mihadhara peke yake ingeyaleta hayo.

Kilichotokea Nairobi mwaka 1968 hukumbukwa zaidi kama mgogoro wa orodha ya vitabu. Mwezi Oktoba mwaka huo wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka uliopendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawe na idara itakayoiweka Afrika katikati, huku fasihi za mataifa mengine zikisomwa kwa kadiri ya uhusiano wao nayo. Hata hivyo, pendekezo zito zaidi katika waraka huo lilikuwa lile la kuipa fasihi simulizi nafasi ya juu. Ngano, wimbo wa jando au majigambo havina andiko moja la kuwekwa mezani na kuchambuliwa. Vinamhitaji msimulizi, hadhira inayoitikia, sauti, mwili na mahali, na kila vinapotendwa hubadilika. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi simulizi hulazimika kwenda kukusanya, kusikiliza na kuigiza, na mpaka kati ya kusoma na kutenda huanguka wenyewe.

Faida ya jambo hili kwa usomaji wa tamthilia za Kiingereza zenyewe inaweza kuonekana katika tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, ile ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Katika onyesho la mazishi ya Kaizari, Brutus, mmoja wa waliomuua, anauhutubia umati kwa lugha ya nathari, yaani lugha isiyo na mizani, na Antony, rafiki wa marehemu, anafuata kwa ushairi. Msomaji wa kimya huyatazama maneno ya watu wa umati, ambayo ni mafupi na hayana majina ya wasemaji, kama vipande vya kuvukwa haraka ili aifikie hotuba. Wanafunzi wanapopewa kuuigiza umati huo hugundua kwamba hotuba ya Antony imejengwa juu ya majibu hayo: anasita mpaka watu waseme, anaushika wosia wa Kaizari bila kuusoma mpaka wao wenyewe waudai, na anashuka kutoka jukwaani baada ya kuwaomba ruhusa. Mbinu ya usemaji, ambayo katika insha huorodheshwa kama takriri na maswali ya balagha, huonekana sasa kuwa ni mapatano kati ya msemaji na wasikilizaji wasiojua kwamba wanaongozwa. Hakuna mwongozo wa mtihani unaoweza kumwonyesha mwanafunzi jambo hili kwa uwazi wa namna hiyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kiliyapa maonyesho idara yake, na Kiswahili kikawa lugha ya jukwaa. Ebrahim Hussein, aliyesoma hapo, alichapisha Kinjeketile mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji, na mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri yake mwenyewe. Penina Muhando alifuata kwa tamthilia kadhaa huku akifundisha. Kikundi cha maigizo cha wanafunzi wa Makerere nacho, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, kilizunguka mijini na vijijini nchini Uganda na Kenya kikionesha michezo bila kiingilio, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine.

Kuhusu uandishi, mfano unaoigwa zaidi duniani ni warsha ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambako Taban lo Liyong alihitimu kabla ya kufika Nairobi. Katika warsha ya aina hiyo mtunzi husambaza muswada wake mapema, wenzake huusoma, kisha huujadili mbele yake wakati yeye amenyamaza. Ukimya huo ndio wenye mafunzo, kwa sababu humzuia mtunzi kueleza alichokusudia na kumlazimisha asikie kile ambacho maneno yake yamesema kweli, jambo ambalo linamrudisha kwenye usomaji wa kina, safari hii akiwa upande wa pili wa kalamu.

Idara inayompima mwanafunzi wa fasihi kwa insha ya mtihani peke yake inampima kwa theluthi moja ya somo lenyewe. Tiba yake haihitaji majengo wala fedha nyingi: darasa lolote linaweza kusimamishwa liigize onyesho moja kabla ya kulihakiki, jarida la kurasa chache linaweza kuchapishwa kila muhula, na warsha inahitaji meza na watu kumi waliosoma. Wahadhiri wanaopanga mitaala wanaombwa waziingize kazi hizi ndani ya alama za shahada, wala wasiziache zibaki burudani za jioni, na mwanafunzi ambaye chuo chake bado hakijafanya hivyo awakusanye wenzake na kuanza.