Osiloskopu ya Mtumba na Yaliyofungiwa Ndani Yake

Fundi wa redio na inveta aliyeko Malindi au Kilifi, ambaye mfuko wake haumruhusu kuagiza ala mpya kutoka ng'ambo, aghalabu huishia kununua osiloskopu ya dijiti iliyokwisha kutumiwa na wengine, na akishaiweka mezani husoma namba iliyochapwa usoni pake, mathalan megahezi 50, akaitakidi kwamba huo ndio ukomo wa uwezo wake. Itikadi hiyo si sahihi daima, kwa maana katika ala za zama hizi kuna mipaka iliyowekwa na shaba na silikoni, na kuna mipaka iliyowekwa na programu tu. Naye mwenye kutaka kuitumia ala yake barabara sharti kwanza azipambanue aina hizo mbili.

Kisa kilichovuma ni cha Rigol DS1052E ya Uchina. Mnamo 2010 Dave Jones, mhandisi wa Australia, alionyesha hadharani kwamba ala hiyo ya megahezi 50 na nduguye DS1102E ya megahezi 100, aliyeuzwa kwa bei kubwa zaidi, zilikuwa na mwili mmoja, na kwamba amri chache zilizopelekwa kutoka kwenye kompyuta zilitosha kuifanya ile ya bei nafuu ijitambue kuwa ni ile ya ghali. Faida yake yahesabika: ukigawa 0.35 kwa upana wa masafa, wapata muda mfupi kabisa ambao ala yaweza kuonyesha wimbi likipanda, nao ni nanosekunde 7 kwa megahezi 50, na 3.5 kwa megahezi 100. Kwa mwenye kuchunguza saketi za kompyuta hiyo ni neema. Bali kwa mwenye kutengeneza inveta za sola za nyumba za Watamu, ambazo umeme wake ni wa hezi 50, na swichi zake za ndani hukata na kuunga mara makumi ya maelfu kwa sekunde, tofauti hiyo haimzidishii hata tonge.

Ama kuhusu uhalali wa kuifungua ala namna hiyo, watu wamehitilafiana. Mnamo 2014 kampuni ya Tektronix ya Marekani iliitumia sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo kupinga makala iliyoeleza namna ya kuigiza vijikadi vya kufungulia kazi za ziada katika osiloskopu zake. Rai yangu ni kwamba, hata tukiliacha suala la sheria, ala iliyofunguliwa kwa njia hiyo haina dhamana ya kiwanda kwa kipimo chake kipya, na haifai kutumiwa na karakana inayowapa wateja vyeti vya vipimo.

Kuna utajiri mwingine usiohitaji ufunguo wa mtu. DS1052E, ikiwa imeachwa katika hali yake ya kawaida, huhifadhi nukta 16,000 hivi kwa mkondo mmoja wa ishara, ilhali ndani ya menyu yake mna kumbukumbu ndefu ya nukta 1,000,000 ambayo wamiliki wengi hawajapata kuiwasha. Tuseme fundi anataka kusoma mazungumzo ya kidhibiti cha pampu ya maji, yaendayo kwa biti 9,600 kwa sekunde, kila herufi ikichukua biti 10. Akichukua sampuli milioni moja kwa sekunde, kumbukumbu fupi itamnasia herufi 15, nayo ile ndefu itamnasia herufi 960, yaani sekunde nzima, na kila biti itakuwa na sampuli zaidi ya mia. Ala yenyewe haijui kuyafasiri mazungumzo hayo; lakini ina tundu la USB, na programu huria ya PulseView, ya mradi wa sigrok, huyavuta mawimbi hayo hadi kwenye kompyuta, ikayageuza kuwa sifuri na moja, kisha ikaandika herufi chini ya wimbi.

Kazi nyingine iliyosahauliwa ni ya kutoa mkondo mmoja kutoka kwa mwingine, nayo yahusu uhai. Kibanio cha ardhi cha osiloskopu kimeungana na waya wa ardhi wa plagi, na mwenye kukibana mahali penye umeme ndani ya inveta huunguza ala, au hujidhuru mwenyewe. Atumie probu mbili zilizowekwa kwenye ×10, asivitumie vibanio vyake, kisha aiamuru ala itoe mkondo wa pili kutoka kwa wa kwanza. Na kabla ya hayo asome kiwango kilichoandikwa kwenye probu, kwa sababu umeme wetu wa volti 240 hufikia kilele cha volti 339.

Probu hizo ndizo zinazopuuzwa kuliko vyote. Swichi ya probu ikiachwa kwenye ×1, masafa hushuka hadi megahezi chache tu, hata ala ikiwa imefunguliwa ifikie 100. Na ikiwa kwenye ×10, huhitaji kuungwa na kile kijino cha mbele ya ala kitoacho wimbi la mraba la kilohezi 1, na skrubu yake ndogo kuzungushwa kwa bisibisi isiyo ya chuma mpaka pembe za wimbi zinyooke. Mnunuzi wa mtumba aifanye kazi hiyo dukani, kabla hajatoa fedha, wala asisahau kuzikagua soketi za mbele, kwani kutu ya hewa ya chumvi huanza kuonekana hapo.