Kwa Pool, Usijichoche

Jua ya Masaku ikiamua kuwaka, Mumbuni yote inageuka jiko. Mbogi inachanga ganji, mmoja anahepa na taulo ya mathe, mwingine anaomba jirani kostyumu, mnadandia mathree ama nduthi mpaka tao kusaka hoteli yenye pool. Hiyo form ni safi. Ngori huanza mkifika penye maji, ju ghafla kila msee anataka kuonekana amezaliwa Lamu.

Tuambiane ukweli. Sisi ni watu wa milima ya Iveti. Mito yetu mingi ni mchanga miezi kibao ya mwaka, na maji tumeizoea ikiwa kwa mtungi. Wasee wengi wa mtaa hawajawahi fundishwa kuswim, na hakuna aibu hapo. Ngori ni kujifanya. Buda anaingia deep ju msupa anacheki. Mwingine anaruka kichwa chini ju maboyz wameshatoa simu. Wa tatu anajificha chini ya maji mpaka mapafu igome, ju ameambiwa hawezi. Ukichunguza sheria zote zenye zimebandikwa kwa ukuta wa pool, karibu nusu ziliandikwa ju ya mtu mwenye alikuwa anajichocha.

Mitungi elfu tisa

Anza na heshima ya maji yenyewe. Chukua pool ya kawaida tu: urefu mita 15, upana mita 8, kina cha wastani mita 1.5. Hiyo ni lita 180,000, yaani mitungi 9,000 ya lita 20. Ukambani hii, penye mwaitu anapanga laini na jerikeni, nani atamwaga hiyo maji yote kila Jumapili? Inavutwa na pampu, inapita kwa chujio, inatiwa klorini, alafu inarudishwa hapo hapo. Chenye umeingia nacho, wenzako wanaoga nacho.

So piga shower kwanza, na sabuni, hasa kama umejipaka mafuta ama jeli ya nywele. Kuna wasee hudai pool ikinuka klorini sana ndio safi. Zii. Ile harufu ya kuchoma macho hutokea klorini ikikutana na jasho na mkojo wa watu. Hapo inatengenezwa kitu inaitwa kloramini, na ndio hufanya macho iwe red na watu wakohoe. Pool yenye imechungwa vizuri haikupigi na harufu ukiwa kwa gate. Wewe mwenye hukojoa ndani ukijifanya unacheki mawingu, jua macho ya sistee yako ni kazi yako.

Tumbo ikikuendesha, baki keja. Kuna kadudu kanaitwa Cryptosporidium, kanaweza kukaa zaidi ya siku 7 kwa maji yenye klorini fiti bila kufa. Hako kakikupata, hata ukishapona ngoja wiki 2 ndio urudi kwa maji. Na watoi wapelekwe choo kila saa, wasingojewe mpaka waitishe.

Nguo nayo? Boxer umeshinda nayo tangu mangware si kostyumu. Jeans ya kukata pia si kostyumu. Pamba na jeans zikilowa zinakuwa nzito, zinakuchosha mbio, na uchafu wake unaenda straight kwa chujio. Kaptula ya nailoni inatosha. Dame mwenye anataka kujifunika mwili wote ajifunike bila kusumbuliwa, bora kitambaa iwe ya kuswim. Mwenye weave avae kofia, ju nywele zikichomoka zinaziba chujio.

Cheki sakafu kabla utoe doo

Simama pembeni ya upande wa deep, uangalie chini. Je, unaona vizuri kale kachuma kenye matundu, penye maji huvutwa kwenda kwa pampu? Kama hukaoni, hepa na ganji yako. Hiyo maji yenye ukungu ina ngori kuliko uchafu: msee akiishia chini, hata laifgadi hatamwona. Cheki pia kama namba za kina zimeandikwa, kama kuna boya ya kurusha, na kama kuna mtu kazi yake ni kuangalia maji pekee. Waiter mwenye anapitisha chipo na kuku si laifgadi, hata kama anajua kuswim.

Kudaivu kichwa kwanza kunataka kina cha mita 2.7 kuendelea. Pool nyingi za hoteli hazifiki hapo. Kichwa ikigonga sakafu, shingo inaweza kuvunjika na ukose kusimama tena maisha yako yote, na video yenyewe ilikuwa ya sekunde 5. Ingia na miguu.

Na ile mashindano ya nani atakaa chini ya maji mrefu, achaneni nayo. Mtu akihema mbio mbio kabla ya kuzama, anatoa kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo ndio huambia ubongo "pumua sai". Ikipungua, hauskii haja ya hewa. Unazima tu, kimya, na mbogi huku juu bado inahesabu.

Mzinga ingojee mpaka mtoke kwa maji kabisa. Kwa vigae tembea, ju vigae vikilowa havijui wewe ni nani. Kumsukuma mtu ndani si mzaha pia. Huwezi jua kama anajua kuswim, na pengine hata wewe hujawahi muuliza.

Kuzama haina kelele

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa pool, ukiingojea hiyo methali utachelewa. Mtu akizama kikweli mara nyingi hapigi nduru, ju mdomo ukitoka juu ya maji anatafuta hewa, hana nafasi ya kuita. Mkono hawezi kupunga. Anasimama wima kwa maji, kichwa imelala nyuma, macho kama ya kioo, anaonekana kama anapanda ngazi yenye haipo. Inaweza kuisha ndani ya dakika 1. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na watoi wadogo ndio wengi sana kwa hiyo hesabu. Mtoi mwenye alikuwa anapiga makelele akinyamaza ghafla, geuka ucheki.

Ukiona hivyo, usiruke kama hujafundishwa kuokoa. Msee mwenye anazama atakupanda kichwani, muende wawili. Ita laifgadi kwa nguvu, lala kifudifudi kwa ukingo, umnyoshee mti ama taulo. Kama yuko mbali, mrushie boya, ama jerikeni tupu ya lita 20 yenye umefunga kifuniko, inaelea vizuri.

Akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumfinya tumbo ati maji itoke. Mmoja apige 999, 112 ama 1199 ya Red Cross. Kama umefundishwa, mpe pumzi kwanza ju amekosa hewa, alafu finya katikati ya kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kulala. Hata akiamka na kuanza kucheka, apelekwe hosi ya Machakos Level 5, ju mapafu yenye imeingia maji inaweza kusumbua baadaye.

Adabu ya watu

Dame amevaa kostyumu ju amekuja kuswim. Hajakuja kukodolewa macho. Usimpige mapicha bila kumuuliza, usiweke watoi wa wenyewe kwa status, usijifanye kumfundisha mtu ndio upate kumshika. Mwenye anaswim laini yake kutoka huku mpaka kule, usimkate katikati. Speaker yako ya mahewa ibaki kwa bag; laifgadi anahitaji masikio.

Na zile siku mfuko umekauka, ikija ile idea ya kuingia Maruba Dam ama shimo la machimbo lenye limejaa mvua, kataa. Huko hakuna namba za kina, chini ni matope na mawe, na hakuna mtu anachunga. Hiyo doo mngeishia kununua mzinga, tafuteni nayo mwalimu wa kuswim. Kitu ya kwanza atawafunza ni kuelea chali na kupumua, na hiyo pekee inaweza kukushikilia mpaka msaada ufike.

Kwa hivyo Jumapili mkifika, kabla mtu alowe, kila mmoja aseme kwa sauti: naweza ama siwezi. Wenye hawawezi wakae penye maji inafika kifuani. Alafu mchague mtu mmoja wa kukaa nje, simu kwa bag, macho kwa maji, akihesabu vichwa. Mumpokee kila nusu saa. Na chipo, huyo ndio anakula wa kwanza.