Je, Wajua? Mawe Yaliyogeuka Mawe Mengine

Je, wajua kwamba jiwe linaweza kugeuka jiwe jingine kabisa bila kuyeyuka? Wewe uliyeketi Tunda ukingoja pikipiki ya kwenda Kindu, sogea hapa nikueleze! Chungu huingia motoni kikiwa udongo laini na kutoka kigumu, umbo ni lile lile. Miamba nayo hufanya hivyo hivyo, ila jiko lake liko chini ya ardhi na huwaka kwa mamilioni ya miaka. Ikishageuka inaitwa miamba ya metamofiki.

Hilo jiko, usilichezee! Kila ukishuka kilomita 1, joto hupanda kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi. Kilomita 10 chini ni karibu nyuzi 300, na miamba iliyo juu yako inakukandamiza kwa nguvu zaidi ya mara 2,500 ya hewa inayokuzunguka sasa. Mabadiliko yenyewe huanza mapema, kwenye nyuzi 200 hivi.

Haya, nikutajie wazazi na watoto wao. Mawe ya chokaa huzaa marumaru. Mawe ya mchanga huzaa kwatziti. Graniti huzaa naisi, yenye mistari myeusi na myeupe. Na matope? Hapo ndipo pana maajabu! Yakigandamizwa hupata kuwa sleti, jiwe lile ambalo wanafunzi wa zamani waliandika juu yake darasani. Joto likizidi, sleti inakuwa shisti inayometameta ulanga. Likizidi tena, inakuwa naisi. Matope ya mtoni, jamani!

Unataka kuyapanga mawe haya? Tazama kama madini yamelala upande mmoja, tabaka juu ya tabaka. Yakiwa hivyo, una sleti, shisti au naisi. Yasipokuwa na tabaka, huenda ni marumaru au kwatziti, na hizo mbili huwachanganya wengi. Basi chukua chupa uikwaruze kwa jiwe lako: kwatziti itaacha mchoro, marumaru haitaacha. Bado una shaka? Kwangua kidogo kwa kisu, kisha dondoshea unga huo limau. Ukitoa mapovu, umeshika marumaru!

Je, wajua kwamba madini husimulia joto ambalo jiwe lilipitia? Mwaka 1893 George Barrow aligundua huko Uskoti kwamba madini hubadilika kwa mpangilio kadiri joto linavyopanda: kloriti kwanza, baadaye ganeti, mwishoni silimanaiti. Ukiona punje nyekundu za ganeti ndani ya shisti, jua jiwe hilo lilipita nyuzi 450 hivi. Na wewe umelikalia tu!

Njoo sasa hapa kwetu Maniema. Kule Kalima, mashariki ya Kindu, graniti ya moto ilipenya ndani ya shisti na kwatziti karibu miaka bilioni 1 iliyopita. Maji yake ya moto yalibeba bati, yakaliacha ndani ya mishipa ya kwatzi. Ndiyo kasiteriti hiyo! Mtazame mchimbaji akiosha mchanga kwenye karai: mchanga unakwenda na maji, punje nyeusi zinabaki chini, maana kasiteriti ni nzito zaidi ya mara mbili ya kwatzi.

Na tanzanaiti? Inachimbwa mahali pamoja tu duniani: Merelani, Tanzania, ndani ya miamba ya metamofiki yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1. Akalipwa shilingi bilioni 7.74 za Tanzania, kwa siku moja!

Je, wajua kwamba Rwenzori si volkano? Majirani zake wa Virunga wanatema moto, lakini yeye, mwenye mita 5,109, ni naisi, shisti na kwatziti zilizosukumwa juu kutoka chini ya ardhi. Barafu juu, mawe ya jikoni chini yake!

Kuna mawe yaliyotoka chini zaidi. Mwaka 1984 Christian Chopin alitangaza madini ya koesaiti katika miamba ya Alps, Italia. Koesaiti hiyo inahitaji kina cha kilomita 90 hivi ili iumbike, kwa hiyo jiwe lilishuka huko na likarudi juu.

Si lazima mwamba usubiri mamilioni ya miaka, ujue! Mwaka 2011 wanasayansi walithibitisha kwamba duara la Luizi, kwenye uwanda wa Kundelungu huko Katanga, lilichimbwa na kimondo. Kishindo chake kiliigeuza kwatzi ndani ya nukta ya sekunde, na hiyo nayo ni metamofiki. Shimo lina upana wa kilomita 17, na hadi leo umbo lake linaonekana kwenye picha za setilaiti.