Atakaye Kasi na Aanze na Breki

Wahenga walinena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa kuwaasa vijana juu ya tamaa, ingefaa kubandikwa ukutani katika kila gereji ambamo magari ya zamani hufufuliwa. Wapo wapenzi wa magari wanaolinunua gari la spoti la miaka ya 1970, wakalitia injini yenye nguvu zaidi, wakabadili difu, kisha wakaliachilia barabarani na breki zile zile lililotoka nazo kiwandani. Kazi ya namna hiyo haijakamilika, na sababu ya kutokamilika kwake ni somo ambalo shule zetu zingeweza kulifundisha kwa Kiswahili pasipo taabu.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari la viti viwili lililozinduliwa na Wajapani mwishoni mwa mwaka wa 1969. Hapa Kenya jina lake halihitaji utangulizi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari hilo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, akiongozwa na Lofty Drews, akaurudia ushindi huo. Tangu mwaka 2003, mashindano ya East African Safari Classic Rally yamewapa watu sababu nyingine ya kuyatunza magari ya enzi hiyo.

Difu, kwa wasioijua, ni kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma. Huupokea mzunguko wa propela, huugeuza pembe na kuugawa kwa magurudumu mawili. Idadi ya meno ya kraunwili ikigawanywa kwa idadi ya meno ya pinioni inayoisukuma, tunapata uwiano wa difu. Magari ya 240Z ya gia nne yaliyouzwa Marekani yalikuwa na uwiano wa 3.36, yaani propela huzunguka mara 3.36 ilhali gurudumu linazunguka mara moja. Fundi akitia difu ya 3.9, mvuto magurudumuni huongezeka kwa takriban asilimia 16 na mlima hupandwa kwa wepesi. Lakini kwa mwendo ule ule, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika itazunguka karibu mara 3,480. Hakuna cha bure.

Difu asilia ya gari hili huitwa R180, kwa kuwa kraunwili yake ina kipenyo cha milimita 180. Injini inapoongezwa nguvu, wengi huiondoa na kuweka R200, ya milimita 200, iliyotumiwa katika 280Z. Hii ni imara zaidi, ila ni nzito zaidi. Chuma kinachoishikilia kwa nyuma hakina budi kubadilishwa, na propela hupaswa kupimwa upya. Hapo ndipo wengi hufunga sanduku la spana.

Laiti wangalifanya hesabu moja tu! Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, kasi imeongezeka mara moja na nusu, lakini nishati ambayo breki hupaswa kuigeuza kuwa joto imeongezeka mara 2.25. Nalo 240Z lina disiki mbele na dramu nyuma. Dramu ni kama chungu kilichofunikwa: joto hukaa ndani, chuma hutanuka na kujitenga na lainingi, nazo lainingi hupoteza msuguano. Mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya unyevu huchemka mapema. Mvuke hubonyea, na kanyagio huzama hadi sakafuni pasipo gari kutii. Anayeteremka Mai Mahiu katika hali hiyo hana nafasi ya kurudia hesabu.

Dawa ipo, tena si ngeni kwetu. Kalipa za mbele zenye pistoni nne, zilizotumiwa katika Toyota Hilux za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinazoendesha magurudumu yote manne, huingia katika 240Z bila marekebisho makubwa, isipokuwa kulikata au kuliondoa bati la kukinga vumbi. Kwa nyuma, zipo kalipa za 280ZX, gari lililokuwa na disiki pande zote nne. Hata hivyo, kalipa kubwa hudai mafuta mengi zaidi. Masta silinda asilia ya inchi 7/8 huipisha ya 280ZX ya inchi 15/16, la sivyo kanyagio litazama mno. Fauka ya hayo, dereva akifunga breki, uzito wa gari huegemea mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Yakibanwa kupita kiasi, hukwama kwanza, na gari hugeuka nyuma mbele. Shinikizo sharti lisawazishwe, na breki ya mkono isisahauliwe.

Sisi wanaisimu hufundisha kwamba lugha ni mfumo: ukigusa sehemu moja, nyingine hutikisika. Gari nalo ni vivyo hivyo. Lakini ni nani anayelielezwa jambo hili? Mwanafunzi huikariri kanuni ya nishati kwa Kiingereza, akafaulu mtihani, asijue kuwa inahusu breki. Kijana wa jua kali, ambaye mikono yake ndiyo inayozifunga breki hizo, huenda asiisikie kamwe. Tumemtenga mwenye kanuni na mwenye spana, na anayelipa gharama ni abiria.

Maneno tunayo. Difu, kraunwili, lainingi na padi hayakusubiri kamati. Yalizaliwa gerejini na yanaeleweka. Mwalimu wa fizikia na awapeleke wanafunzi huko, fundi na mwalimu wafafanuliane. Na kila badiliko liandikwe kwa Kiswahili sanifu, likabidhiwe pamoja na ufunguo wa gari. Mnunuzi wa kesho ana haki ya kujua iwapo waliompa kasi walimpa na uwezo wa kusimama.